Wacheni Kutuuzia Dubai ya Julai

Kila mwaka baridi ya Nairobi ikianza kuuma, kitu kama Juni hivi, simu zetu zinajaa mabango ya Dubai. Siku tano, hoteli ya nyota nne, tiketi ya kuenda na kurudi, kiamsha kinywa ndani, na bei imekatwa vibaya sana. Picha ni ile ile ya kila mwaka: dada amevaa gauni jekundu refu, amesimama juu ya mchanga, jua linazama, upepo unapeperusha nguo. Halafu chini kwa herufi kubwa: OFA YA JULAI NA AGOSTI, NAFASI NI CHACHE.

Wasee, nafasi si chache. Nafasi ni nyingi mno, ndiyo maana bei imeanguka. Hoteli zinatafuta watu kwa sababu anayeijua hiyo nchi na ana uwezo wa kuchagua, huu ndio wakati anatoka.

Na wacha niseme hili hata kama nitatukanwa: sisi watu wa kontenti tunaolipwa kuweka hayo mabango bila kutaja joto, tunaibia watu. Kila kitu kwa bango ni kweli. Hoteli ipo, ndege ipo, mchanga upo. Tumeficha tu kile kitu kimoja kinachoamua kama utafurahia pesa zako au utazilia: mwezi.

Najua kwa sababu niliingia mtegoni mwenyewe. Agosti ya mwaka juzi nilimpeleka mamangu. Ilikuwa safari yake, si yangu. Alitoa pesa zake za chama, mimi nikaongezea za kazi mbili tatu nilizokuwa nimefanya. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Nilimuuliza ajenti hali ya hewa iko aje huko, akanijibu, "Ni jua safi kabisa, bosi." Jua safi! Tulitoka nje ya uwanja wa ndege saa nne asubuhi, miwani ya mathe ikajaa mvuke papo hapo, kama mtu ameinamia sufuria ya githeri akafunua kifuniko. Siku ya pili tulisimama nje tukingoja gari, dakika kumi na tano hivi. Akanishika mkono akasema, "Naona giza." Mathe ana presha. Siku tatu zilizobaki alizimaliza chumbani, akitazama kupitia dirisha mji aliolipia. Hakulalamika hata mara moja. Mpaka leo watu wa chama wakimuuliza Dubai ilikuwa aje, anasema, "Ilikuwa nzuri." Hiyo "ilikuwa nzuri" ndiyo inaniuma.

Siku ya mwisho dada mmoja Mkenya anayeuza dukani alitusikia tukiongea. Akamsalimia mathe vizuri, kisha akauliza, "Mama, nani aliwaambia mje Agosti? Saa hizi hata sisi tunaishi usiku."

Sasa tuongee namba. Januari, mchana wa Dubai hufika kama digrii 24 za selsiasi na usiku hushuka mpaka 14 au 15. Hiyo ni hewa ya Nairobi, unaweza kutembea siku nzima. Julai na Agosti, mchana wa kawaida ni digrii 41 au 42, na kuna siku unapita hapo. Usiku unabaki karibu digrii 30. Soma tena hiyo ya usiku. Mombasa ikichemka Machi, mchana huwa kama digrii 32 au 33. Kwa hivyo usiku wa manane wa Dubai hauko mbali na adhuhuri ya Mombasa. Wewe uliyezoea Julai ya Nairobi, digrii 22 na mawingu, unaruka saa tano tu kwa ndege na mwili wako unapewa karibu mara mbili ya hiyo.

"Lakini jangwa ni joto kavu, si mbaya." Hii nimeambiwa na watu wengi, na wengi hawajafika. Joto kavu ni la ndani kabisa jangwani. Dubai, Abu Dhabi na Doha ziko ufukweni, na bahari yenyewe, ile Ghuba, ina kina kidogo, wastani wa kama mita 35. Maji kidogo yakipigwa jua miezi mitatu yanakuwa kama ya kuoga, zaidi ya digrii 30. Yanatoa mvuke, mvuke unaingia mjini. Sasa mwili wako unajipoza kwa jasho, lakini jasho linapoza likikauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho halikauki, linateremka tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuzidiwa akiwa kwenye kivuli, amesimama tu, hajabeba chochote.

Kama huniamini mimi, angalia wenyeji wakialika wageni wanaowaheshimu huwa wanawaalika lini. Kombe la Dunia la 2022 pale Qatar lilitolewa Juni na Julai, miezi yake ya kawaida, likapelekwa Novemba na Desemba. Ligi za Ulaya zilisimama katikati ya msimu kwa sababu ya joto la nchi moja. Maonyesho ya Expo 2020 ya Dubai, yaliyochelewa kwa sababu ya korona, yalianza Oktoba 2021 yakaisha Machi 2022. Mkutano wa hali ya hewa wa COP28, Dubai hiyo hiyo, ulifunguliwa tarehe 30 Novemba 2023. Dubai Marathon, ambayo wakimbiaji wetu na wa Ethiopia wanaijua vizuri, hukimbiwa Januari au mwanzo wa Februari. Marais, wachezaji na wanariadha wanaitwa wakati wa baridi. Wewe na mamako mnaitwa Agosti.

Na sheria yao iko wazi. Katika Falme za Kiarabu, kuanzia tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, ni marufuku kufanyisha mtu kazi chini ya jua kuanzia saa sita u nusu mchana mpaka saa tisa. Qatar wanaanza mapema zaidi, 1 Juni, na marufuku ni kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa u nusu. Hizo sheria ni za watu waliozoea, waliokaa huko miaka. Serikali imesema mjenzi mwenye misuli asimame kivulini, halafu sisi tunamwambia shosho wa Kiambu aende kupiga picha saa nane.

Hili si jambo la mapicha kuharibika tu. Juni 2024, wakati wa Hija, joto Makka lilifika digrii 51.8 na zaidi ya mahujaji 1,300 wakafariki. Wengi wao walikuwa wametembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kupumzika. Hija ina tarehe yake, hujaji haichagui. Wewe mtalii unachagua. Kwa nini uchague vibaya kwa sababu ya bango?

Najua majibu yenu. La kwanza: "Kila mahali kuna AC." Ni kweli. Kwa hivyo utalipa pesa ya ndege utoke Nairobi Julai, mahali tunavaa jaketi bure, uende ukakae ndani ya baridi ya kununuliwa. Maduka utayaona, sawa. Lakini hayo maua kwenye bango, ile bustani ya Miracle Garden, hufungwa majira ya joto. Global Village pia hufungwa. Bango limekuonyesha mahali ambapo mwezi wako lango lina kufuli.

La pili: "Hiyo ndiyo bei tunaweza." Hili naliheshimu, kwa sababu ndilo lilinipeleka. Lakini bei nafuu ya kukaa chumbani siku tatu ni ghali kuliko bei ya kawaida ya kutembea siku tano. Na si lazima Krismasi, wakati bei imepanda mpaka mawinguni. Msimu mzuri unaanza Novemba mpaka Machi. Mwisho wa Januari na Februari, watu wa sikukuu wakisharudi kazini, hewa bado ni tamu. Angalia tu kama Ramadhani inaangukia hapo, kwa sababu inasogea kila mwaka na ratiba za mchana hubadilika. Mwanafunzi ambaye hawezi kutoroka shule, ana likizo ya Aprili: mchana ni kama digrii 33, joto la Mombasa, unatoka asubuhi na jioni bila shida. Agosti ndiyo likizo ya kuachana nayo.

La tatu: "Mimi nina Agosti peke yake." Basi fungua ramani ushuke chini mpaka Salalah, kusini mwa Oman. Watu wa Pwani watanielewa haraka. Ule upepo wa kusi unaochafua bahari ya Lamu kuanzia Aprili, unavuka ikweta, unapinda, unaenda kugonga milima ya Dhofar ukiwa umebeba unyevu. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba, Salalah ina ukungu na manyunyu, milima inakuwa kijani kibichi, mchana ni kama digrii 27. Wenyeji wanauita msimu huo Khareef, na familia za Ghuba zinaendesha magari mwendo wa siku nzima jangwani ili zikapigwe na mvua. Ndiyo, hapo ndipo wao hukimbilia wakati sisi tunakimbilia kwao. Oman ni nchi nyingine, kwa hivyo viza yake uliza kivyake, na usiogelee wakati huo kwa sababu bahari huwa kali.

Kwa ajenti na kwa wenzangu tunaochukua hizo kazi, ombi ni dogo. Weka digrii kwenye bango. Mstari mmoja tu, kando ya bei: "Agosti, mchana 42, usiku 30." Mwenye kutaka aende, ni pesa yake na mwili wake. Kuna vijana watatu wenye afya wanaotaka kuzurura usiku na kulala mchana, na watafurahi. Lakini waende wakijua. Mimi nimeanza: tangu ile Agosti, kazi ya Dubai ikiletwa nauliza mwezi kwanza, na wakikataa niandike digrii, wanatafuta mtu mwingine. Wawili tayari wametafuta.

Na wewe unayeweka akiba ya mathe kidogo kidogo, usitume pesa kabla ya kuuliza swali moja: huko, mwezi huo, saa nane mchana, mamangu ataweza kusimama nje dakika kumi na tano?

Mimi naanza upya kuweka akiba. Safari hii ni Februari.