Hakuchelewa, Tulimchelewesha

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana chama chetu kilimpoteza mwimbaji wake bora kabisa, ingawa hakuna aliyemwambia "toka". Tulimwambia tu, mara tatu mfululizo na mbele ya watu, ati hana mdundo. Mara ya nne hakuja.

Mambo yalikuwa hivi. Tulitaka kurekodi shairi letu la kuimbwa, lile la kuwaaga Kidato cha Nne. Pesa za studio hatukuwa nazo, kwa hivyo tukajibanza katika chumba cha kaka yangu pale Makina: kompyuta moja kuukuu, maikrofoni moja, na blanketi mlangoni la kuzuia kelele za njiani. Chumba kile hakitoshi watu saba. Basi tukarekodi mmoja mmoja, kwanza ngoma, kisha sauti ya kwanza, kisha ya pili, kila moja katika traki yake, na kila mwimbaji akisikiliza ngoma iliyokwisha kurekodiwa. Sauti ya kwanza ilitumia hedifoni za waya. Waya ukakatika. Huyu dada wa sauti ya pili akapewa zile za bluetooth, na tena tukaona tumempendelea.

Tuliposikiliza zote pamoja, lo! Ngoma huku, yeye kule. "Dada, unachelewa!" Akarudia. Akachelewa vilevile, hakuzidisha wala kupunguza. Hapo ndipo tungeshtuka, kwa maana asiyejua mdundo hukosea ovyo, mara yuko mbele, mara nyuma. Anayechelewa kwa kipimo kilekile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho ana mdundo kuliko sisi sote. Aliimba sawasawa na alichosikia. Ngoma ndiyo iliyochelewa kumfikia masikioni.

Sauti ya bluetooth ni kama kifurushi: lazima ifungwe, irushwe, kisha ifunguliwe upande wa pili, na shughuli hiyo hula muda. Ukiwa unasikiliza muziki tu, hutajua. Ukirekodi, balaa. Juzi nilizipima zile zetu. Nilirekodi makofi, nikayacheza kupitia hedifoni hizo nikiwa nimezibana kwenye maikrofoni, nikayarekodi upya katika traki ya pili. Kwenye skrini makofi ya pili yalikuwa nyuma kwa milisekunde 180 hivi. Nikarudia kwa hedifoni za waya: hazikufika 20.

Utasema milisekunde 180 ni nini? Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa hivyo ni kama kusimama mita 60 kutoka kwa mpiga ngoma! Yaani tulimpeleka binti wa watu akaimbie kule relini, ngoma ikiwa chumbani, kisha tukamlaumu.

Wala si sisi wa kwanza kupatwa na haya. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ya Marekani ilimuuzia mpiga gitaa Les Paul mashine ya traki 8. Katika mashine za kanda, kichwa cha kusoma hukaa mbali kidogo na kile cha kurekodi, na nafasi hiyo ndogo inatosha kumchelewesha mwimbaji. Mafundi hawakumfokea mwimbaji. Walifanya kichwa kilekile cha kurekodi kiweze pia kusoma, pengo likaisha.

Wapo wenzangu wanaosema, si tuisogeze tu ile traki kwa panya hadi ilingane? Kwa kosa hili, ndiyo, inawezekana; pengo halibadiliki, ukivuta mara moja imekwisha. Hata traki zake ningezivuta siku ileile, lau ningejua. Lakini msizoee. Ule mchezo wetu wa kuigiza wa dakika 40 tuliurekodi kwa simu mbili kwa mpigo, na hapo kuvuta hakukusaidia. Mwanzo zililingana, mwishoni kila neno likawa na mwangwi. Kila simu ina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikipishana sehemu 50 tu katika milioni, wimbo wa dakika 4 utapotea milisekunde 12, jambo ambalo sikio halitambui. Mchezo wa dakika 40 utapotea 120. Dawa ni kutumia mashine moja, au kupiga makofi mwanzoni na mwishoni ili ujue unyooshe kiasi gani.

Sasa nasikia kamati inataka kutumia akiba ya chama kununua maikrofoni mpya. Mimi napinga, na mlezi wetu anisamehe. Ile tuliyo nayo inasikia vizuri. Tununue hedifoni mbili za waya, na kwa wale ambao simu zao hazina tundu, zipo zinazochomekwa mahali pa chaji. Kitakachobaki tulipie umeme wa kaka yangu, maana naye amevumilia.

Tena kabla ya kununua chochote, kamati iende kwao yule dada, iende yote, mwenyekiti akiwa mbele, ikamwombe radhi kwa sauti ileile tuliyotumia kumkosoa. Shairi tunalirekodi upya likizoni. Ngoma iko tayari, sauti ya kwanza iko tayari, na traki ya pili nimekataa kumpa mtu mwingine.