Balozi wa Barafu, Nani Alikutuma?

Jamaa niliyesoma naye shule ya upili alirudi Nairobi Februari akiwa na koti jekundu zito ambalo mji huu hauna baridi ya kulistahili. Alilivaa hata hivyo. Tulikutana kwa kahawa, jua linachoma, naye kafunga zipu mpaka kifuani, anatupitishia picha kwa simu: pengwini, pengwini, mlima wa barafu unaoelea, yeye na bendera ya Kenya, pengwini tena. Halafu akasema, bila aibu, "Sasa mimi ni balozi wa Antaktika."

Balozi. Nani alikutuma, buda?

Neno hilo hakulitunga yeye. Biashara hii ya meli huwapa abiria jina hilo kama inavyowapa koti. Unapanda ndege hadi Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Unaingia melini, unavuka Mlango-Bahari wa Drake kwa siku mbili hivi huku tumbo likikugeuka, kisha unafika Rasi ya Antaktika. Hapo mnashushwa kwa boti za mpira, watu wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja. Viatu vimeoshwa, mifuko ya nguo imefyonzwa vumbi ili mbegu za kigeni zisiingie, na pengwini unamwangalia ukiwa umbali wa mita 5. Jioni kuna mhadhara wa mwanasayansi, na divai. Sikatai, wamejipanga. Huko Mara magari ya watalii humzingira duma mmoja kama makanga waliomwona abiria wa mwisho wa usiku.

Lakini tazama wanachokipima na wanachokiacha. Umbali wako na ndege unapimwa. Moshi wa meli iliyokuleta haumo kwenye hadithi. Mwaka 2022 wanasayansi waliopima masizi kwenye theluji ya Antaktika walikadiria kwamba kila mtalii aliyefika kati ya 2016 na 2020 aliharakisha kuyeyuka kwa takriban tani 83 za theluji, sana sana kwa sababu ya moshi wa meli. Tani 83, wasee. Hayo ni malori manne hivi ya mchanga, yale makubwa, yakiwa yamejaa pomoni. Na safari ya melini peke yake, kabla hujagusa ndege, hutoa zaidi ya tani 3 za hewa ya kaboni kwa kila abiria, ilhali Mkenya wa kawaida hafikishi nusu tani kwa mwaka mzima.

Lars-Eric Lindblad alipopeleka watalii wake mwaka 1966, lilikuwa kundi dogo. Msimu wa 2023-24 walikwenda zaidi ya watu 120,000. Mkataba wa Antaktika wa 1959 ulizuia majeshi na kuyagandisha madai ya ardhi ya nchi saba, na itifaki ya 1991 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini. Kikomo cha jumla cha watalii? Hakuna. Kazi ya kuwapanga siku kwa siku imeachiwa IAATO, chama cha wenye safari wenyewe. Fisi kakabidhiwa bucha, ingawa fisi huyu, kusema haki, amenawa mikono.

Na kinachouzwa hasa ni kile kifo. Nenda uone kabla haijaisha. Kadiri barafu inavyopungua, ndivyo tiketi inavyozidi kutamanika, na kadiri tiketi zinavyonunuliwa, ndivyo masizi yanavyoongezeka. Halafu ati ukirudi utaitetea. Mwaka 2010 watafiti Eijgelaar, Thaper na Peeters walichapisha utafiti kuhusu hadithi hii ya mabalozi. Hawakupata ushahidi kwamba safari hizo huongeza ufahamu wa mazingira, wala kwamba zinawafanya watu wasafiri kwa uangalifu zaidi baadaye. Jamaa yangu tayari anaulizia bei za Greenland.

Nilimwambia haya yote, pale pale, kahawa ikipoa. Akanijibu, na jibu lake lina meno.

"Wazungu wameenda tangu hiyo sitini na sita. Mkenya mmoja akifika, ndio unakumbuka mazingira?"

Nilinyamaza. Kwa sababu kati ya nchi 12 zilizotia saini ule mkataba wa 1959, ya Afrika ilikuwa moja tu: Afrika Kusini, ile ya makaburu. Sisi wakati huo tulikuwa koloni. Bara zima, na aliyekuwa mezani ni serikali ambayo isingemruhusu babu yangu kukaa kwenye benchi moja na waziri wake. Kwa hiyo ukiniambia kuna uchungu kwenye ile picha ya bendera, nitakuelewa. Hata mimi niliitazama mara mbili.

Ila kiti cha mezani na tiketi ya meli ni vitu viwili tofauti. Mwanasayansi Mkenya anayechimbua historia ya hewa kwenye barafu ile, nitamshangilia mpaka sauti ikauke. Abiria aliyelipa maelfu ya dola apige picha kwa dakika chache kabla boti haijaita kundi linalofuata hajakalia kiti chochote. Amenunua nafasi kwenye foleni ya Wazungu wale wale, na wamempa koti.

Nikamuuliza kama amewahi kuiona Lewis.

"Lewis nani?"

Lewis ni barafuto iliyo karibu na kilele cha Lenana, Mlima Kenya. Kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake, na tangu hapo imeendelea kunywea. Imekuwa ikifa hapo juu miaka yote tuliyokuwa tukichora mlima wenye kofia nyeupe kwenye madaftari ya shule, na hakuna aliyetuuzia koti la kwenda kuiaga. Sijidai, mwenyewe sijaifikia. Mwaka jana niliishia kambi ya Mackinder, kichwa kinapasuka, nikateremka nikiwa nimeshikwa mkono kama mtoto.

Tumekubaliana Januari tujaribu pamoja. Matatu hadi Naro Moru, halafu miguu. Koti tayari analo.