Mtoto Ana Tarehe ya Kliniki, Mama Ana Panadol

Kuna siku dadangu alinituma dukani nimnunulie pedi. Sikuona ajabu, maana mimi ndiye nilikuwa natumwa kila kitu mle ndani. Nilikuwa nimeacha chuo, niko nyumbani King'ong'o bila shughuli ya maana, na yeye alikuwa amekuja kwetu baada ya kujifungua kwa upasuaji. Ajabu niliiona baadaye. Mtoto alifika miezi minne na bado nilikuwa natumwa pedi kila wiki. Nikadhani anavuja damu. Kumbe ni mkojo. Akikohoa unatoka, akicheka unatoka, akipanda ngazi na mtoto mgongoni unatoka.

Alikuwa ameacha kwenda kanisani. Kwenye ruracio ya binamu yetu kule Karatina, wenzake walipoinuka kucheza yeye alibaki kwa kiti, akasema mtoto amelala. Sisi tukasema eti amekuwa na maringo tangu apate mtoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Andika, labda kuna mwingine amekaa kwa kiti."

Na wako wengi. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huvuja mkojo baada ya kujifungua. Ongeza wale wenye maumivu ya mgongo na nyonga, wale ambao misuli ya tumbo imeachana katikati ikakosa kurudiana, na wale ambao kidonda cha upasuaji kinawavuta kila wakijaribu kusimama wima. Mambo haya yana tiba. Chini ya kibofu kuna misuli inayokishikilia kama machela. Imebeba uzito miezi tisa, kisha ikanyooshwa siku ya kuzaa. Kwa mwanamke anayevuja, kuifundisha misuli hiyo kukaza na kulegea kwa mpangilio, chini ya mtu anayejua kazi, husaidia sana. Kazi hiyo ndiyo fiziotherapia.

Lakini sisi tukisikia fizio tunawaza mchezaji wa mpira aliyeteguka goti, ama mzee aliyepata kiharusi. Mchezaji akiumia hakuna anayemwambia "utazoea tu". Mama akisema anavuja, anaambiwa ndivyo uzazi ulivyo.

Tuseme ukweli, nchi hii imejitahidi kumfikisha mama hospitalini. Mwaka wa 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma, ikaja Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Hizo ni hatua kubwa. Shida ni kwamba mpango wote unaishia mlangoni mwa wadi. Dadangu aliruhusiwa kutoka hospitalini, ambayo sitaitaja, akiwa na karatasi mbili: moja ya dawa za maumivu, nyingine ya tarehe ya kliniki. Wiki ya sita akarudi. Mtoto akapimwa uzani, akadungwa chanjo, kijitabu kikajazwa. Mama akaulizwa kuhusu upangaji uzazi, basi. Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa mmoja, kwa hivyo simlaumu muuguzi. Naulaumu mpango ambao hauna swali la mama ndani yake.

Sasa, kwa nini nasema fizio aje nyumbani, asingoje mama aende kwake?

Kwanza ni safari. Anayetoka Kieni au ndani kabisa Mukurwe-ini kuja mjini anapanda boda kwa barabara ya mashimo, halafu matatu, akiwa na mtoto na kidonda, ili afanye mazoezi ya nusu saa. Akienda mara moja, hatarudi mara ya pili. Na mazoezi haya hayafanyi kazi kwa siku moja. Yanataka wiki kadhaa.

Pili, na hii ndiyo ilinifungua macho, ni kwamba hospitali haijui nyumba yako. Dadangu aliambiwa asibebe vitu vizito. Sawa. Lakini tunaishi ghorofa ya tatu, na maji yakipotea yanachotwa chini kwa mtungi wa lita ishirini. Hakuna aliyejua hilo mpaka jirani mmoja wa ploti yetu, ambaye ni mtaalamu wa fiziotherapia, alipopata stori kutoka kwa mamangu akaingia kwetu jioni moja. Hakuanza na mazoezi. Alitazama kitanda, akamwonyesha dadangu jinsi ya kugeuka ubavu kwanza na kujisukuma kwa mkono badala ya kuinuka kwa tumbo. Akaona beseni la kumwogeshea mtoto liko sakafuni, akasema liwekwe juu ya meza. Akamfundisha kukaza ile misuli na kutoa pumzi kabla ya kumnyanyua mtoto. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Na maji ni yako."

Alikuja jioni kadhaa, halafu dadangu akaendelea mwenyewe. Baada ya kama miezi mitatu nilikuwa situmwi tena dukani. Huyo jirani hakutulipisha. Lakini je, yule asiye na jirani kama huyo? Katika miji yetu huduma ya kutembelewa nyumbani ipo kwa mwenye doo. Mama mboga wa soko la Karatina anarudi kuinua magunia ya kabeji akiwa na wiki tatu tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara wake. Yeye mwajiri wake ni tumbo la watoto wake.

Wala hili la mama kufuatwa nyumbani si geni kwetu. Shosho zetu walipojifungua, wanawake wa kijiji walikuja na kuni, maji, uji na njahi, ili mzazi asishike kazi. Pwani, mzazi hukaa arobaini, akakandwa kwa maji moto na mikono inayojua. Leo shosho yuko Othaya, wewe uko bedsitter Nanyuki, na jirani humjui hata jina. Mila ilibaki kijijini, na badala yake hatukuweka kitu. Wenzetu waliweka. Uholanzi mhudumu huja nyumbani siku za kwanza kumsaidia mama. Ufaransa bima ya umma hulipia vipindi vya mazoezi ya nyonga baada ya kuzaa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2022, linapendekeza mama atembelewe nyumbani wiki ya kwanza.

Najua kaunti itasema haina pesa wala wataalamu wa kutosha. Sawa, tuanze na tulicho nacho. Tangu 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja nchini, wanaobisha mlango kwa mlango na mkoba na simu. Waongezewe maswali mawili kwa kila mama aliyejifungua: Je, unavuja? Je, kuna mahali panauma hadi unashindwa na kazi? Akisema ndiyo, jina liende kwa fizio wa hospitali ya karibu, na fizio huyo apewe siku moja kwa wiki na gari la kuzunguka wadi. Afya imo mikononi mwa kaunti. Hili halihitaji kungoja Nairobi. SHA nayo ilipie ziara hizo waziwazi, iandikwe.

Kwako msomaji, ukimwita fizio wa kulipia, hakikisha ana leseni ya Baraza la Fiziotherapia. Usiamini kila mtu wa TikTok anayeuza mkanda wa tumbo. Na kuna mambo ambayo si ya fizio: damu nyingi, homa, kichwa kuuma vibaya, kidonda kutoa usaha, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Hayo ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Na nyinyi wasee wenzangu, mnaopost picha ya mtoto na kuandika "blessed", chukueni mtungi. Panda nao ghorofa ya tatu. Halafu muulize mamake swali ambalo sisi tulichukua miezi minne kuuliza.

Mwezi jana kulikuwa na ruracio nyingine, Kerugoya. Dadangu alicheza hadi viatu akavivua.