Friji Linalopoza Nusunusu: Utengeneze au Ununue Jingine? (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu miguu inawaka, lakini ahadi ni deni. Tangu niandike juu ya kuhifadhi maziwa ya kukamua, swali limekuwa moja tu: "Nesi, friji langu limezingua, nitengeneze au ninunue jingine?"

Najua kuna anayesema nesi na friji wapi na wapi, si amuulize fundi. Sikia. Kazini kwetu friji la chanjo lina kipimajoto ndani na lina daftari lake. Tunasoma asubuhi, tunasoma jioni, Jumapili, Iddi, Krismasi, hakuna cha sikukuu. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na likitoka hapo hatuulizani mara mbili, simu inapigwa. Halafu muuguzi huyohuyo anarudi nyumbani, anafungua friji lenye maziwa na chakula cha mtoto, anagusa chupa kwa kiganja, anasema "aah, lina ubaridi." Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, nisijifanye.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Friji lililokufa kabisa halinitishi. Linalonitisha ni lile linalopoza nusunusu. Lililokufa linajitangaza: barafu imeyeyuka, maji yametapakaa sakafuni, unatoa vitu unapika au unagawia majirani, basi. Lile la nusunusu taa inawaka, linanguruma, chupa ya maji ina kaubaridi, na wewe unaendelea kuweka supu ya Jumapili ukijua utaikuta salama Jumatano. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako halihusu bei hata kidogo. Swali ni: saa hizi, usiku huu, lina nyuzi ngapi?

Niwaeleze ya mdogo wangu, yuko Mbagala. Wakati huo mwanaye ana miezi 9, ndiyo ameanza kula vizuri. Friji lao la mtumba likaacha kugandisha. Fundi akaja, akagusa hapa na pale, akasema "gesi imeisha," akajaza, akachukua elfu 60 zake. Wiki mbili, hali ileile. Akarudi, akajaza, akapunguziwa hadi elfu 50 kwa sababu ni mteja. Mwezi haujaisha, mara ya tatu. Katikati ya hayo yote friji linafanya kazi, eti. Mama wa watu anafanya kazi, anapika chakula cha mtoto Jumapili cha siku tatu, anaponda, anaweka. Mtoto akaanza kuhara, akatapika, macho yakaingia ndani, wakalala wodini siku mbili kwa dripu. Mimi siwezi kuapa kwamba ni friji. Mtoto wa miezi 9 anatambaa na kuweka kila kitu mdomoni, kuhara kunaweza kuja kwa njia ishirini. Lakini nilipoenda kwake na kipimajoto changu, nikakiweka ndani ya glasi ya maji rafu ya katikati, asubuhi kilisoma 14. Kumi na nne, jamani. Hilo ni kabati lenye taa.

"Lakini nilikuwa nachemsha tena kabla ya kumpa," aliniambia huku analia. Hapa ndipo wengi tunapokosea, na sikumlaumu. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, ndiyo. Ila viko vijidudu ambavyo vikikaa kwenye chakula kisicho na ubaridi wa kutosha vinatoa sumu, na sumu yenyewe haiondoki kwa kuchemsha. Wali uliolala nje ni mfano mzuri. Na pua yako haitakusaidia: chakula chenye kuumiza si lazima kinuke. Friji la nyumbani litakiwe kuwa nyuzi 5 kushuka chini, na kipimajoto cha kawaida cha friji si kitu cha ghali. Nunua kabla hujamwita fundi.

Sasa kuhusu fundi. Shika hili moja, litakuokolea hela: gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Haitumiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaenda na kurudi, miaka na miaka. Ikipungua maana yake pametoboka mahali. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakujazia maji ndoo inayovuja, na anajua atarudi. Muulize mbele ya mumeo au jirani, kwa heshima zote: "Fundi, limetoboka wapi?" Akianza kuzungusha maneno, mpe nauli yake mwachane kwa amani.

Na tundu hilo, mama mwenzangu, mara nyingi tumelitoboa wenyewe. Kwa kisu. Barafu imejaa friza, unataka nyama haraka, unachokonoa. Mabomba ya gesi yako palepale nyuma ya ule ukuta mwembamba. Zima friji, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri. Kisu kirudi jikoni.

Yapo mambo yanayofanana na kifo cha friji kumbe ni mafua tu. Mpira wa mlango, kwa mfano. Chukua noti, ibane mlangoni, funga, ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi yako yote inatoka nje. Zungusha noti pande zote nne. Au friji limebanwa ukutani halipumui, mgongo umejaa vumbi mpaka huoni waya, unalisafisha kwa brashi baada ya kuchomoa umeme na linafufuka. Au unasikia "tiki", kimya, baada ya dakika chache "tiki" tena: mara nyingi hapo ni kile kidude cha kuwashia kompresa, mafundi wanakiita rilei, kidogo kuliko kiberiti na bei yake haiumizi. Thamostati nayo hivyohivyo. Haya yote, msimamo wangu ni tengeneza, usijadili na mtu, hata kama friji lina miaka 12. Nimeona mtu kauza friji zima kwa bei ya vyuma chakavu, aliyenunua kabadilisha rilei, mpaka leo anauza barafu.

Ila kompresa ikifa, au uvujaji uko ndani ya ukuta wa friji kwenye lile sponji gumu, hapo kaa chini upige hesabu. Watu wana kanuni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya jipya, achana nalo. Kanuni nzuri, nina ugomvi nayo mmoja tu: imetungwa kwa mtu ambaye ile nusu nyingine anayo mfukoni. Mama mwenye laki mbili ya matengenezo si kwamba ana laki saba ya friji. Kwa hiyo mimi naongeza kitu ambacho watu hawakitazami, nacho ni Luku.

Fanya hivi siku ambayo hamko na mambo mengi. Zima kila kitu isipokuwa friji, soma mita, lala, amka soma tena, kadiria kwa saa 24. La mdogo wangu lilikuwa linakula yuniti 3 kwa siku, maana likishindwa kupoza halipumziki, linanguruma usiku kucha. Hizo ni 90 kwa mwezi, friji peke yake! Yeye alikuwa kwenye ile tarifu ya wenye matumizi madogo, mwisho yuniti 75, na alikuwa anashangaa kwa nini umeme wake umekuwa ghali ghafla. Nilipokuja kupima langu jipya dogo, halifiki yuniti 1 kwa siku. Tofauti yake kwa mwezi ni yuniti sitini na kitu, na kwa yuniti ya shilingi 350 hivi unazungumzia zaidi ya elfu 20 kila mwezi. Ukilitengeneza friji kuukuu kwa laki mbili halafu likaendelea kula umeme vile, umelipia mara mbili.

Wanaokimbilia mtumba, sikatazi, nusu ya vitu vyangu ni mtumba. Lakini usilipe kabla hujaona limegandisha maji kwenye kikombe, muuzaji akikwambia "utaona nyumbani" ondoka. Angalia kibandiko cha nyuma. Likiwa la volti 110, limetengenezwa kwa umeme wa kule Marekani, huku kwetu litataka transfoma. Ukisoma R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, mafriji mengi mapya ndiyo yanatumia, na siyo mbaya, ila fundi atakayekuja kuchomelea siku moja lazima ajue, na watoto watoke hapo. Likifika nyumbani liache lisimame saa kadhaa kabla ya kuchomeka. Na usiweke friji lolote bila frijigadi, kwa huu umeme wetu wa kupanda na kushuka kompresa haina maisha.

Sasa niseme lile litakalowaudhi baadhi yenu. Usikope kausha damu kwa ajili ya friji. Nimewaona wodini akina mama wenye presha, ukichimba unakuta ni rejesho la kila siku. Kama hela haipo, chomoa lile bovu, kaa bila friji. Ndiyo, nimesema kaa bila. Mama zetu walitulea hivyo, na siyo kwamba nawasifia shida, nasema tu inawezekana kwa miezi michache kuliko kuendelea kuamini kitu cha nyuzi 14.

Kwa mtoto anayenyonya, ziwa halihitaji umeme. Ukiwa kazini, maziwa ya kukamua yanakaa nje hadi saa nne kama joto la chumba halizidi nyuzi 25, na Dar ya Januari siyo hiyo, kwa hiyo fupisha. Ukiwa na kile kiboksi cha baridi chenye vipande vya barafu vilivyoganda sawasawa, unaweza kwenda hadi saa 24. Jirani mwenye friza nzuri atakugandishia hivyo vipande, mpelekee hata fungu la nyanya. Kwa anayekula, uji na chakula upikwe wa kuisha mara hiyohiyo, kikibaki ale mkubwa palepale. Inachosha, najua. Anayekwambia ni rahisi hajawahi kuamka saa kumi na moja kuwasha jiko.

Mdogo wangu alikaa miezi miwili na nusu hivyo. Mzunguko wa kikoba ulipomfikia alinunua dogo la mlango mmoja, jipya, na kipimajoto amekibandika ndani. Kila nikimpigia ananisomea namba kabla hata ya salamu. La zamani shemeji alitaka kuligeuza kabati la nguo za mtoto, nikamwambia sawa, lakini kwanza mlango ung'olewe. Watoto wanapenda kujificha, mlango wa friji la zamani ukijifunga mtoto hawezi kuusukuma kutoka ndani, na hewa haiingii. Akanung'unika kwamba nawafundisha mpaka kabati. Aliung'oa Jumamosi ile ile nikiwa nimesimama pale.