Ndugu zake Heinz wako wapi?

Mke wa Heinz anaumwa saratani. Dawa ipo mjini, ila mwenye duka anataka dola 2,000 kwa kitu kilichomgharimu 200. Heinz amehangaika kukopa, amepata 1,000 tu. Mwenye duka hapunguzi, hakopeshi. Je, Heinz avunje duka, aibe?

Kisa hiki kilipata umaarufu kupitia Lawrence Kohlberg, aliyewahoji vijana wa Chicago kwa utafiti wake wa udaktari wa 1958. Jibu lenyewe halikumshughulisha sana. Alisikiliza sababu, akazipanga ngazi sita. Chini kabisa yupo anayeogopa adhabu. Ya tatu ni ya anayetaka kuwa mtu mwema machoni pa walio karibu naye. Kileleni yupo anayesimama na kanuni zake, hata sheria ikimpinga.

Kipeleke kisa hicho barazani Lamu au kwenye kijiwe cha kahawa Tanga. Nadhani hawataanza na wizi. Watauliza: huyu bwana hana ndugu? Mkewe hana kwao? Mweka hazina wa mchango ni nani? (Kuna atakayeomba namba ya kutuma kabla kisa hakijaisha.)

Mtafiti Carolyn Pope Edwards alichapisha mwaka 1975 utafiti wake wa Kenya, uliotumia kipimo hicho cha Kohlberg. Wazee wanaotegemewa kusuluhisha vijijini waliangukia zaidi ngazi ya tatu. Wanafunzi wa chuo kikuu wakawapita kidogo. Kipimo kikimweka msuluhishi wa ugomvi wa mashamba chini ya kijana ambaye hajawahi kusuluhisha chochote, mimi nakagua kipimo kwanza. Mzee anapotaja undugu hajaishiwa hoja. Anajua kwamba wagomvi hao, hukumu ikishatolewa, bado watazikana.

Lakini wazee nisiwapambe. Undugu uleule unaochangia matibabu ndio unaompigia simu afisa wa ajira: kijana wetu kamaliza chuo, mtazame. Akikataa, anajiona. Kenya ilipotunga Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma mwaka 2003, ilikataza upendeleo wa ndugu, na ikakataza pia kutumia cheo kuchangisha harambee. Waliotunga walijua mambo hayo yanaishi nyumba moja.

Kasoro yetu naiona kwenye mazoezi, wala si kwenye ngazi. Mtoto hutumwa na mama apeleke rambirambi, asimame hadi jina lao liandikwe daftarini. Hivyo ndivyo anavyoujua wajibu, kwa miguu yake. Kuhusu haki ya mtu asiyemjua ana somo la uraia tu, la kujibia mtihani. Wiki hiyohiyo anaandamana na baba zahanati. Muuguzi ni shangazi, kwa hiyo wanapitia mlango wa pembeni. Watu wa foleni wanawatazama. Baba anawaamkia kwa adabu zote, "Shikamooni," wanamwitikia, anaingia.