Mgonjwa wa Saratani na Maswali ya Hospitali

Mgonjwa wa saratani akiulizwa na muuguzi wake kama ametunzwa vyema, hujibu ndiyo. Angejibu nini, naye kesho atadungwa sindano na mkono ule ule? Basi sifa nyingi zinazokusanywa wodini hazina uzito.

Huko Ulaya, shirika la utafiti wa saratani liitwalo EORTC lilitoa mwaka 2005 karatasi ya maswali 32 kwa waliolazwa. Mgonjwa hupima, tangu hafifu hadi bora kabisa, ustadi wa daktari, usikivu wa muuguzi, maelezo aliyopewa, muda wa kungojea majibu ya vipimo, hata usafi. Uingereza, tangu mwaka 2010, mgonjwa huulizwa akiwa amekwisha rudi nyumbani, na huulizwa hasa lililotendeka: je, aliambiwa aje na jamaa siku ya kupewa habari za ugonjwa? Swali la namna hiyo ni gumu kulijibu kwa adabu tupu.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, hupokea watu watokao mbali, na nchini humo jamaa ndio wapikao na kufua. Karatasi ya Ulaya haina swali juu ya mahali pa kulala mke wa askari aliyemleta mumewe kutoka Gulu.