Gumba la mama si uvivu

Mama wa mtaani Shirere akisema kidole gumba kinamuuma, majibu huwa yameshaiva hata hajamaliza kulalamika.

La kwanza: eti nyanya zetu walisonga ugali maisha yao yote wala hawakuumwa. Waliumwa, ila hakuna aliyewauliza. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza jinsi ala ya kano za gumba inavyokuwa nene na kubana, na Waingereza walikuwa tayari wanayahusisha maumivu hayo na wanawake wafua nguo.

La pili: ni uzee, au baridi ya asubuhi. Hebu mtazame mama mboga akimkatia mteja sukuma wiki. Majani ameyabana kwa ngumi ya kushoto, hewani, bila ubao. Kisu kinapita mbele ya ngumi, na kila kinapopita gumba linasukuma majani kidogo, kifundo kikiwa kimepinda. Hivyo jioni nzima. Akirudi nyumbani kuna mahindi ya kupukuchua kwa gumba lilelile, nguo za kukamua, na ugali wa watu wanane. Tena miongoni mwa wanaopatwa sana na maumivu haya ni kina mama wenye watoto wachanga, wanaowanyanyua kwa kuwashika kwapani. Uzee gani huo?

La tatu: mkono utazoea. Msuli huzoea ukipewa mapumziko. Kano inayosuguana na ala iliyobana huzidi kuuma.

La nne ndilo linaloniudhi: kwamba kinga ni ya wenye jikoni za kisasa. Kunoa kisu kunahitaji jiwe tu, na kisu butu ndicho kinachodai nguvu. Ubao uwekwe mezani, chini kidogo ya kiwiko. Mpini wa mwiko ukiwa mwembamba, uzungushie tyubu kuukuu ya baiskeli, ambayo haikosekani kwa fundi, ili ngumi isikaze sana. Mwingine ashike sufuria, wewe usonge kwa bega badala ya kifundo. Maji ya mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Beba mitungi miwili ya lita 10. Mahindi mengi yapigwe kwa fimbo ndani ya gunia.

La tano: vidonge vya dukani vinatosha. Vinatuliza, na mkono unarudi kulekule. Kunja gumba ndani ya ngumi, kisha pinda kifundo taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Ukisikia uchungu mkali upande wa gumba, huenda ni kano hizo. Ganzi ya usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati ni jambo jingine: huenda neva imebanwa kifundoni. Yote mawili yanahitaji daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, mapema.

Limebaki la wanaume: "Sasa nani apike?" Mvulana wa kidato cha pili anaweza kukata sukuma na kusonga ugali Jumamosi na Jumapili, mama akaupumzisha mkono siku mbili mfululizo.